Upande wa Kuume

Feza, mama yangu,

Salamu sikuandikii. Uko chumba cha pili, namsikia mama yako anakunja nguo na kuzikunjua tena, nawe unamwambia begi halifungi. Mambo ya begi ni yake. Ya dawa, ya simu, ya kutompa mtu mkoba wako pale uwanja wa ndege wa Kinshasa, hayo amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena juu ya pikipiki mpaka mfike. Mimi nimebaki na yale ambayo tangu tutoke hospitali, siku ile ya vipimo, sijaweza kuyasema, maana kila nikianza unatoka kwenda uani. Basi nayaandika. Karatasi utaifungua mwenyewe ukitaka, na usipotaka, utafungia karanga.

Nakuita mama kama ilivyo kwetu, kwa kuwa ulipewa jina la mama yangu. Ulipozaliwa alikuwa amefariki si muda mrefu, na mimi nilikuwa bado namlilia kichinichini, mwanaume mzima. Shangazi zangu walikupokea, wakakufunua uso, wakasema, "Amerudi." Paji lake la uso, masikio yake, ule mkunjo kando ya mdomo. Nilifurahi kijinga. Niliona nimerudishiwa kitu changu, na nikakushika kama mtu anavyoshika kitu chake kilichopotea kikaonekana. Hapa kwetu hakuna atakayekuambia kwamba hilo ni kosa. Watu hupiga vigelegele.

Picha yake unaijua, ile ya juu ya mlango wa studio. Nilimpiga nikiwa bado najifunza kazi, kwa kamera ya kuazima, yeye ameketi anachambua mchele wa Kibombo. Hakutaka kunitazama. Alidhani nachezea kitu cha watu na nitakivunja, akageuza kichwa upande wa mto, na ukaingia upande wake wa kuume tu. Hiyo ndiyo picha pekee niliyo nayo ya mama yangu, mimi ambaye nimepiga picha nusu ya watu wa mtaa wetu wa Kasuku.

Halafu vita. Hayo umesimuliwa, lakini umesimuliwa na mimi, na mimi husimulia kama mtu anayetaka kumaliza haraka. Wenye bunduki wa mjini walikuwa mjini, wa porini walikuwa wamezunguka, na sisi katikati hatuna chumvi. Treni haikuja. Tulikula sombe, majani ya mihogo, bila mafuta mpaka sombe nayo ikaisha. Siku moja tulikuwa tunataka kuvuka mto kwenda Alunguli kutafuta mihogo, mama yako amekubeba kiunoni, na pale wanapofunga pirogi za kuvukia kulikuwa na kizuizi. Askari mmoja alitaka watu warudi nyuma. Mama yako hakurudi haraka kama alivyotaka. Yule askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki, na kitako kikapata kidevu chako.

Hakukulenga. Ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakukulenga hata kidogo, na nina hakika jioni alikula akalala. Mimi nafanya kazi ya sura, nikimwona mtu mara moja namjua baada ya miaka, na yule sikumbuki sura yake. Namkumbuka mikono. Kila mwanaume wa rika lake anayeingia studio kupiga picha ya kitambulisho, kabla ya kumwambia akae, namtazama mikono. Wengine nimewapiga vibaya kwa makusudi. Sijuti.

Muuguzi alikushona kidevu, kidonda kikafunga, kikabaki kovu dogo ambalo mtu asiyejua halioni. Nikachinja kuku, na kuku wakati ule alikuwa ni kuku kweli. Nikasema mtoto amepona. Mji mzima ulikuwa unasema hivyo juu ya kila kitu: fulani amepona, barabara imepona, vita vimepona. Kumbe pale mbele ya sikio la kushoto, ambapo taya linaning'inia, mfupa ulikuwa umevunjika kimya, na ulikuwa unajishona wenyewe kwa namna yake. Mama yako ndiye aliyeona. Alisema, "Mutoto hafunguake mudomo kwa kijiko kama mbele." Nikasema unadeka. Mwaka uliofuata kijiko kikawa kidogo zaidi. Nikasema ni meno yanaota. Nilikuwa na jibu kwa kila kijiko, mpaka ikafika ncha ya kidole tu ndiyo inapita, na uso ukaanza kuhama, kidevu kikienda kushoto pole pole kama mti unaoota kando ya ukuta.

Hapo ndipo nilipoanza kukugeuza.

Ulikuwa unakaa kwenye kiti cha studio, unanitazama sawasawa, nami natoka nyuma ya kamera, naweka vidole viwili chini ya kidevu chako, nakipeleka kushoto. Upande wa kuume unabaki mbele. Napiga. Nilijiambia nakulinda na maneno ya watu, na kwa kweli watu walikuwa na maneno, kuna mama mmoja wa sokoni alikuwa akikuona anafunika tumbo lake la mimba, Mungu amsamehe, mimi bado. Lakini hiyo ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba upande ule, kwenye mwanga wa dirisha la studio, ulikuwa mama yangu mtupu. Nikukumbushe ile kadi yako ya mpiga kura? Alikupiga mtu mwingine, mbele kabisa, kama wanavyopigwa wote. Ulikuja nayo nyumbani, nikaitazama, nikasema, "Huyu hajui kazi. Amekupiga vibaya." Ulicheka kwa pua. Ukaiweka ndani ya kitambaa na sikuiona tena.

Sasa nije kwenye siku ya vipimo, maana ndiyo iliyokufanya unifungie mlango.

Nilikwenda na kiburi, nakubali. Walisema wamekuja madaktari wa kutengeneza sura na mashine ya kupima uso, nikajua mimi na wao ni watu wa kazi moja. Kumbe sivyo. Zile kamera zilizofungwa kwenye vyuma kushoto na kulia zinapiga zote kwa pamoja, na kompyuta inaunganisha mpaka kichwa kizima kinasimama kwenye skrini, na pua iliyotoka na mashavu yaliyoingia, wanakizungusha kama mtu anayekagua chungu sokoni. Yule dada wa Kinshasa wa kupima alikuchora vidoa kwa wanja: pembe za macho, pembe za mdomo, chini ya pua, kidevuni. Kutoka kidoa hadi kidoa anapima, na daktari kwa vipimo hivyo, na kwa picha ya mifupa ambayo hapa Kindu haipo, atajua akate wapi ili taya lifunguke, na kidevu akirudishe wapi. Anachotaka kwako ni kimoja: ukae kichwa sawa, uso umetulia, unatazama mbele.

Na wewe ukageuka kushoto.

"Kichwa droit, mama. Angalia huku."

Ukarudi mbele, ukatulia, na akiwa anajiandaa kupiga kichwa kikaondoka tena chenyewe. Akaleta kioo, akakuweka mbele yake, akasema wenye kujitazama machoni kwenye kioo kichwa chao hukaa sawa bila kufundishwa. Wewe kioo kikakufukuza zaidi. Nilisimama ukutani nikiwa nimeweka mikono mfukoni, na vile vidole viwili ndani ya mfuko vilikuwa vinawaka moto. Yeye hakujua. Wewe ulijua, maana ulinitazama.

Walipiga hivyo hivyo. Daktari akafungua kompyuta akatuonyesha uso wako kwa rangi: kijani pale pande mbili zinapofanana, nyekundu palipozidi, buluu palipopungua. Mimi nikaona kama bendera. Wewe unayekaa kwenye kompyuta ya studio ukiwafutia maharusi vipele ulielewa upesi, ukasogea karibu. Mimi nikauliza swali la mtu mwenye haraka. Nikasema, "Dokta, upande wa kuume njo uko muzuri. Si uchukue ule, uugeuze kama kwa kioo, uweke kushoto?"

Akanijibu kwa adabu. Wenye adabu ndio wanaoua.

"Papa, huo nao haiko muzuri. Umevutwa. Taya ikifungwa upande mumoja, inavuta uso wote. Angalia hapa, shavu limelala, limekuwa refu. Nikiugeuza, nitakuwa nimeandika kosa mara mbili."

Feza, nilihisi kama nimepigwa kofi mbele za watu. Miaka yote ile nimekaa nyuma ya kamera nikikuchagulia upande, na upande wenyewe ulikuwa umepinda kama mwenzake. Picha yangu ni bapa, haina mahali pa kuonyesha shavu lililolala. Mwanga wa dirisha ulikuwa unanidanganya, na mimi nilikuwa nautengeneza ule mwanga ili unidanganye vizuri.

Mtu mwenye akili hapo angenyamaza. Mimi nikatoa mfukoni picha ya mama yangu. Nilikuwa nimekuja nayo, nimeifunga kwenye plastiki. Daktari alikuwa amekugeukia, amekuuliza wewe kwa jina lako unataka nini, na kabla hujajibu nikaweka picha juu ya meza yake nikasema, "Anataka kuwa hivi. Huyu njo mwenye jina. Pima hapa."

Aliitazama ile picha muda mrefu kuliko ilivyostahili. Akasema haina kina, hawezi kupima. Na wewe ukasema, kwa meno yale yaliyobana, lakini chumba kizima kikasikia:

"Papa, mimi haiko koko, haiko mama yako. Miaka yote ulikuwa unapigaka foto ya muntu mwenye alikufa. Mimi nataka kufungua mudomo. Nataka kula nyama. Nataka kupiga miayo. Foto yangu mimi iko wapi?"

Tulirudi kwa pikipiki mbili, yako mbele, mgongo wako umenyooka. Mama yako alipokuuliza ukamwambia, na yeye akanijia studio na mikono ina unga wa uji. Hakupiga kelele. Alisema, "Mutoto anataka kula, wewe unasema uzuri. Mimi njo nilimukologea buyi tangu anaota meno mupaka leo. Wewe uliwahi kumukologea?" Akarudi jikoni. Unajua mama yako, akimaliza kusema amemaliza.

Jirani zetu, kwa upande wao, wamefurahi. Tangu wasikie wanapita mlangoni wananiambia nisihofu, utarudi mrembo, utaolewa. Wanasema kwa nia njema na nataka kuwatupia kiti. Hakuna hata mmoja aliyesema utarudi unakula mahindi ya kuchoma. Ukifika huko utakutana na wengi wa namna hiyo, na baadhi yao watakuwa na makoti meupe. Nao wataniiga: watakujibia. Wakimuuliza mtu mwingine aliyesimama kando yako unachotaka, hata kama ni mtu wa kanisa, hata kama ni mwanaume unayempenda, hata kama ni mimi kwenye simu, kata maneno. Sema mwenyewe, kwa meno hayo hayo. Siku ile ulisema vizuri.

Na kama wakitaka picha zako za kabla na za baada kuziweka kwenye karatasi zao za kuombea misaada, ni juu yako. Mimi ningewakatalia, lakini mimi ndiye niliyekupiga miaka yote bila kukuuliza, sina mdomo.

Daktari alisema vipimo vya siku ile havitoshi. Huko watapima upya, na hawatakata mpaka wapate kichwa kilichokaa sawa, maana kichwa kikiinama kidogo tu, kila kipimo kinaondoka mahali pake, na kisu kitafuata kipimo. Hilo silo jambo dogo. Umesubiri tangu utoto, unakwenda mbali, na kinachoweza kukurudisha Kindu na mdomo ule ule ni vidole vyangu viwili. Nimekuwa nikiwaza hivyo kila siku, na nimekuwa mkali na wateja.

Leo mchana ulikuja studio. Hukunisalimia sana. Ulisema hospitali ya Kinshasa inataka picha ndogo ya faili, na kwamba ungekwenda kwa yule kijana wa karibu na soko, lakini amefunga. Ukakaa kwenye kiti. Nikawasha taa, nikatoka nyuma ya kamera kama ninavyotoka kwa kila mtu, kuweka bega, kuweka kola, na nilipozinduka mkono wangu ulikuwa tayari chini ya kidevu chako.

Ukanishika kifundo cha mkono. "Papa. Vidole."

Nikautoa mkono. Lakini kichwa kilikwenda. Hakuna aliyekigusa, na kilikwenda kushoto mpaka pale pale ninapokiwekaga, na tukabaki tunakitazama wote wawili, mimi kutoka mbele na wewe sijui kutoka wapi. Ukakirudisha. Kikaenda. Machozi yalikutoka, na mimi nilisimama pale na ujuzi wangu wote wa sura za watu sina la kufanya.

Ndipo mama yako akaingia na bakuli, kwa sababu ilikuwa saa yako ya uji na hajali kama kuna picha au kuna msiba. Akasimama pembeni yangu, akainua kijiko.

Kichwa kikaja mbele.

Kikaja chenyewe, sawa kabisa, macho sawa, mabega yakashuka. Miaka yote hiyo amekulisha akiwa mbele yako, na shingo yako inajua kijiko kinakotoka. Mama yako hakuona ajabu yoyote. Aliuliza kwa nini mnanitazama, uji unapoa. Ukaanza kucheka kwa pua, kisha ukatulia, na nikapiga.

Kwa hiyo usishangae ukikuta kijiko ndani ya begi, kile cha zamani chenye mpini uliopinda. Nimekiweka mimi, chini ya kitenge cha kijani, mama yako anakitafuta na sijamwambia. Watakapokuambia kichwa sawa, usijilazimishe na usiwaachie wakupe kioo. Mpe yule dada kijiko, mwambie asimame pale kamera ilipo, akiinue. Akicheka, acha acheke. Yeye ana mashine yake na wewe una yako.

Sijui kama ningeomba unisamehe ungesema nini, kwa hiyo siombi leo. Huu si wakati wa kukubebesha mzigo mwingine, begi lenyewe halifungi. Ukikaa huko, ukapata kazi, ukaona Kindu ni mbali na hakuna cha kurudia, sitakuja kukuambia wewe ni mama yangu na mama haachi nyumba yake. Nilizoea kulisema hilo kwa utani. Halikuwa utani.

Picha nimeitoa mbili. Moja iko kwenye bahasha hii, ni ya faili yao. Nyingine ninayo hapa mezani nikiandika. Nitakuambia ukweli maana umechoka na uongo wangu: bado sijaizoea. Natafuta pa kuishika. Kidevu kiko kushoto, shavu la kuume limelala kama alivyosema daktari, mdomo umefunguka kiasi cha ncha ya kijiko, na macho yananitazama mimi. Sijawahi kuyaona yakinitazama kwenye karatasi. Mama yangu hayupo humo kabisa, nimemtafuta.

Wakifaulu, na nataka wafaulu, utarudi na uso mwingine, nami nitaujifunza pole pole, na nitakununulia nyama mpaka uikinai. Lakini huu wa sasa ndio uliokuwa nao utoto wako wote, ulioingia nao shule, uliokaa nao kwenye kompyuta ukiwatengeneza wengine, na kesho kutwa wataupima kidoa kwa kidoa ili wauondoe. Mpiga picha mmoja aliishi nao nyumba moja miaka yote hiyo. Nimepekua masanduku yote ya studio tangu magharibi, nikidhani labda kuna mahali niliteleza, labda kuna siku ulikataa kugeuka nikapiga bila kujua. Hakuna. Picha yako ni hii moja, ya leo mchana.

Papa yako